Kosa Linaegemea Upande wa Nani? Historia Katika Filamu na Tamthilia za Zamani

Kuna watazamaji wa filamu za zamani ambao furaha yao kubwa ni kuwinda makosa. Husimamisha picha, wakaikuza, kisha wakaonyesha kwamba koti la askari lina vifungo ambavyo havikuwa vimeanza kutumika wakati huo, au kwamba bunduki aliyoishika ilitengenezwa miaka ishirini baada ya vita vinavyosimuliwa. Siwalaumu, kwa sababu kazi hiyo inahitaji maarifa, na mara nyingi mimi hujifunza mengi kwao kuliko kwa filamu yenyewe. Hata hivyo naona kwamba idadi ya makosa haisemi mengi kuhusu ukweli wa filamu. Filamu yenye makosa hamsini ya mavazi inaweza kuwa mkweli kuliko ile yenye kosa moja tu, iwapo hilo moja limempora mtu heshima yake au limewafuta watu ambao ndio waliolibeba tukio zima mabegani. Kwa hiyo ninapokutana na kosa la kihistoria kwenye filamu, jambo la kwanza ninalotaka kulijua ni kwamba limeegemea upande wa nani.

Yapo makosa yasiyoegemea upande wowote, na hayo nayasamehe bila kusita. Filamu ya Battle of the Bulge ya mwaka 1965 inahusu shambulio kubwa la mwisho la Ujerumani upande wa magharibi, lililoanza tarehe 16 Desemba 1944 katika misitu ya Ardennes. Filamu hiyo ilipigwa Hispania, na vifaru vinavyojifanya kuwa Tiger vya Wajerumani ni vifaru vya Kimarekani aina ya M47 vilivyokuwa mikononi mwa jeshi la Hispania. Wapenzi wa historia ya kijeshi hawajaacha kulalamika hadi leo, lakini kufikia mwaka 1965 vifaru vya Tiger vilivyoweza kutembea vilikuwa karibu vimetoweka duniani, na mtayarishaji alitumia alichokipata. Hakuna aliyedhulumiwa hapo. Kinachonisumbua katika filamu hiyo ni kitu kingine ambacho wawindaji wa makosa hukitaja kwa sauti ya chini, nacho ni kwamba pambano la mwisho linapiganwa kwenye uwanda mkavu wenye vumbi. Theluji, msitu na mawingu mazito havikuwa mapambo ya vita vile. Mawingu ndiyo yaliyozizuia ndege za Washirika kuruka siku za mwanzo, na anga ilipofunguka tarehe 23 Desemba, ndege hizo zilirudi na mambo yakaanza kuwageukia Wajerumani. Ukiondoa hali ya hewa umeondoa sehemu ya sababu, na mtazamaji anabaki kudhani kwamba kila kitu kiliamuliwa na ushupavu wa watu wachache.

Kuhusu vikuku vya kukanyagia vya tandiko la farasi katika filamu za Roma ya kale, sina la kusema. Warumi hawakuwa navyo, lakini hakuna mwongozaji mwenye busara atakayewapandisha waigizaji farasi bila vikuku na kuwaambia wakimbie huku wakipigana kwa panga. Vivyo hivyo kuhusu nywele na wanja. Elizabeth Taylor katika Cleopatra ya mwaka 1963 ana macho ya mwanamke wa mwaka 1963, na ukitazama filamu kumi za zama za kale zilizotengenezwa katika muongo huo, utaweza kuutambua muongo wenyewe kwa staili za nywele kabla hujamtambua Farao au Kaisari.

Kwa upande mwingine, usahihi wa vitu nao haumhakikishii mtu ukweli. Stanley Kubrick alipotengeneza Barry Lyndon, iliyotoka mwaka 1975, alitumia lenzi za Zeiss zilizokuwa zimeundwa kwa ajili ya NASA, zenye uwezo wa kunasa mwanga hafifu mno, ili aweze kupiga picha za usiku kwa mwanga wa mishumaa kama ulivyokuwa ndani ya majumba ya Ulaya ya karne ya 18. Matokeo yake ni ya kustaajabisha. Giza la pembeni, nyuso zenye rangi ya asali, na watu wanaokaa kwa utulivu kwa sababu mwanga hauwaruhusu kuhangaika, vyote vinamfundisha mtazamaji kitu kuhusu maisha ya wakati huo ambacho kitabu hukifikisha kwa shida. Lakini Barry mwenyewe hakuwahi kuishi, kwa kuwa alitungwa na mwandishi wa Kiingereza Thackeray katika riwaya. Naipenda filamu hiyo kupita kiasi, na sioni haja ya kuiita historia.

Sasa nije kwenye Zulu, filamu ya Cy Endfield ya mwaka 1964, ambayo nadhani inafaa kuchambuliwa taratibu kuliko nyingine yoyote ya kizazi chake. Inasimulia mapigano ya Rorke's Drift ya tarehe 22 na 23 Januari 1879, ambapo askari wa Uingereza wapatao 150 walikilinda kituo kidogo dhidi ya wapiganaji wa Kizulu wasiopungua 3,000. Baada ya mapigano hayo walitolewa Nishani 11 za Victoria, tuzo ya juu kabisa ya ushujaa ya Uingereza, na mojawapo ilikwenda kwa askari wa kawaida aliyeitwa Henry Hook. Katika filamu, Hook ni mlevi na mwizi, mtu anayejifanya mgonjwa ili akwepe kazi, na anageuka shujaa mwishoni karibu kwa bahati mbaya. Hook wa kweli alikuwa askari mwenye rekodi nzuri, hakuwa mlevi, na alikuwa hospitalini kwa sababu alipangiwa kuwapikia wagonjwa na baadaye kuwalinda. Inasimuliwa kwamba binti zake, ambao walikuwa wamezeeka wakati filamu inaonyeshwa kwa mara ya kwanza, waliinuka na kutoka ukumbini. Filamu ilihitaji mtukutu anayejirekebisha, na jina la mtu aliyekufa mwaka 1905 lilikuwa tayari kutumiwa. Frank Bourne, sajini aliyekuwa na umri wa miaka 24 tu, akageuzwa mtu wa makamo mwenye sauti nzito. La Bourne nalicheka. La Hook siwezi kulicheka, kwa sababu mtu alizuliwa ubaya, na jina lake halisi likabandikwa juu ya ubaya huo.

Kisha kuna ule mwisho unaopendwa sana, ambapo Wazulu wanatokea juu ya vilima na kuwaimbia Waingereza wimbo wa kuwapongeza kwa ushujaa wao kabla ya kuondoka. Jambo hilo halikutokea. Wazulu walionekana tena asubuhi ile, walikuwa wamechoka na wamepoteza watu wengi, na waliondoka wakati kikosi cha Lord Chelmsford, kamanda wa majeshi ya Uingereza, kilipokuwa kinakaribia. Watetezi wa filamu husema kwamba tukio hilo lilibuniwa ili kuwapa Wazulu utu na heshima ya kijeshi, na ni kweli kwamba katika mwaka 1964 filamu nyingi za aina hiyo hazikuwapa Waafrika hata kiasi hicho. Ni kweli pia kwamba Mangosuthu Buthelezi aliigiza nafasi ya babu wa mama yake, Mfalme Cetshwayo, jambo ambalo lina uzito wake. Lakini tazama heshima hiyo inaelekea wapi. Wazulu wanaheshimiwa kwa sababu wanawaheshimu Waingereza. Ziko nje kabisa ya picha taarifa kwamba baada ya mapigano Wazulu wengi waliojeruhiwa waliuawa pale walipolala, na hiyo ni habari ambayo hakuna wimbo unaoweza kuambatana nayo.

Nje ya picha pia kuna sababu ya vita vyenyewe. Desemba 1878 Sir Bartle Frere, mwakilishi mkuu wa Uingereza kusini mwa Afrika, alimpelekea Cetshwayo masharti ambayo hakuna mfalme angeweza kuyakubali akabaki mfalme, likiwemo la kuvunja mfumo wake wote wa jeshi, na tarehe 11 Januari majeshi ya Uingereza yakaingia katika nchi ya Wazulu. Cetshwayo mwenyewe alikuwa amewakataza wapiganaji wake wasivuke kwenda Natal, koloni la Waingereza, na kundi lililoishambulia Rorke's Drift lilivuka kinyume cha agizo hilo. Mtu anaweza kuitazama filamu yote, kwa zaidi ya saa mbili, bila kujua ni nani aliyemvamia nani. Mavazi ni mekundu kama yanavyopaswa kuwa, bunduki ni nzuri, milima ya Drakensberg inapendeza kuitazama, na mlinzi wa nyumba amegeuzwa kuwa mtu aliyeingia nyumba ya watu.

Tamthilia ya Shaka Zulu, iliyotengenezwa na shirika la utangazaji la Afrika Kusini, SABC, na kurushwa mwaka 1986, inaleta tatizo gumu zaidi. Henry Cele alimwigiza Shaka kwa nguvu ambayo wengi waliomwona hawajaisahau. Sehemu kubwa ya hadithi, hata hivyo, inapitia macho ya Wazungu waliofika Port Natal, ambayo sasa ni Durban, mwaka 1824, hasa Henry Francis Fynn. Mtayarishaji angeweza kujitetea kwamba alifuata vyanzo, kwa sababu maandishi ya mashahidi waliomwona Shaka yanatoka kwa Fynn na mwenzake Nathaniel Isaacs. Tatizo ni kwamba ipo barua ya mwaka 1832 ambamo Isaacs anamshauri Fynn awaeleze wafalme wa Kizulu kuwa wamwaga damu kadiri awezavyo, akiwa na matumaini kwamba kitabu kitauzika na kwamba Waingereza watashawishika kulichukua eneo lile. Upande mwingine yapo masimulizi ya Wazulu wenyewe, yaliyokusanywa kwa miaka mingi na hakimu wa kikoloni James Stuart kutoka kwa watu wapatao 200, na ambayo yalianza kuchapishwa mwaka 1976, muongo mmoja kabla ya tamthilia kurushwa. Kwa hiyo tamthilia inaweza kuwa imeegemea upande mmoja hata pale ilipofuata maandishi ya zamani, kwa kuwa maandishi yenyewe yalikuwa yameegemea kabla kamera haijabuniwa. Na tukumbuke kwamba shirika lililotoa fedha lilikuwa la serikali ya ubaguzi wa rangi, katika mwaka ambao nchi ilikuwa chini ya hali ya hatari.

Wapo wanaodhani kwamba dawa ya hayo ni kumpata shahidi mwenyewe. Mwongozaji John Ford alidai kwamba aliwahi kumfahamu Wyatt Earp, mlinzi wa sheria maarufu wa magharibi ya Marekani, katika uzee wake huko California, na kwamba katika My Darling Clementine ya mwaka 1946 alipiga lile pambano la bunduki la O.K. Corral, kati ya akina Earp na genge la akina Clanton, kama alivyosimuliwa na mhusika. Katika filamu hiyo Doc Holliday, rafiki wa Earp, ni daktari wa upasuaji na anakufa kwenye pambano, ilhali Holliday wa kweli alikuwa daktari wa meno na alikufa kwa kifua kikuu mwaka 1887. Mzee Clanton, adui mkuu wa filamu, alikuwa ameshauawa miezi miwili kabla ya tarehe 26 Oktoba 1881 ambayo ndiyo siku ya tukio. James Earp, ndugu yake Wyatt, ambaye kifo chake ndicho kinachoanzisha kisasi chote, aliishi hadi mwaka 1926. Filamu yenyewe ni nzuri kweli kweli, nami ningeitazama tena leo. Lakini hesabu makosa hayo kwa mwelekeo wake: karibu yote yanampa Wyatt Earp sababu safi ya kuua.

Yako makosa mengine ambayo hutoka kwenye skrini na kuingia duniani. Mfano wake mbaya kuliko yote ni The Birth of a Nation ya D. W. Griffith ya mwaka 1915, iliyowasifu Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi waliowatisha na kuwaua Wamarekani weusi, kuwa wakombozi na kuonyesha msalaba ukichomwa moto, jambo ambalo Klan wa kwanza hawakuwa na desturi nalo. Novemba mwaka huohuo kundi la watu lilipanda Stone Mountain huko Georgia, likachoma msalaba na kuifufua Klan iliyokuwa imekufa tangu miaka ya 1870. Ukifika hapo, maneno kama usahihi wa kihistoria yanakuwa madogo mno.

Mfano wa pili ni mpole zaidi, na kwangu ndio unaovutia kuliko mingine. The Bridge on the River Kwai ya David Lean, ya mwaka 1957, inamwonyesha ofisa mfungwa wa Kiingereza ambaye kiburi cha kazi nzuri kinamfanya awajengee Wajapani daraja imara kuliko walilotarajia. Ofisa mwandamizi wa kambi ya kweli, Philip Toosey, alifanya kila alichoweza kuchelewesha kazi bila kuwaponza watu wake, na wafungwa walikumbuka baadaye walivyokusanya mchwa ili wale mbao. Wengi wa waliokuwa chini yake walichukizwa sana na filamu hiyo. Filamu ilipigwa Ceylon, ambayo sasa ni Sri Lanka, na daraja linalipuliwa siku treni ya kwanza inapopita. Kule Thailand yalijengwa madaraja mawili, moja la mbao na moja la chuma, nayo yalitumika hadi ndege za Washirika zilipoyapiga mabomu mwaka 1945. Kichekesho ni kwamba mto uliopita chini yake haukuwa na jina hilo. Ulikuwa sehemu ya Mae Klong, na watalii walipoanza kumiminika wakiulizia mto wa kwenye filamu, sehemu hiyo ilipewa jina la Khwae Yai katika miaka ya 1960. Ramani ilirekebishwa ili ilingane na filamu.

Kichekesho hicho nakifurahia, ila kosa zito la filamu hiyo liko mahali ambapo mtazamaji hana cha kukitazama. Reli ya Thailand na Burma ilikuwa na urefu wa kilomita 415. Wafungwa wa kivita wa nchi za Washirika waliokufa humo walizidi 12,000. Vibarua wa Kiasia, kutoka Burma, Malaya, Java na kwingineko, wanakadiriwa kufa wapatao 90,000. Filamu iliyopewa tuzo saba za Oscar inahusu reli hiyo, na watu hao karibu hawamo. Hakuna mtu anayeweza kulikuza kosa hilo kwenye picha na kulizungushia duara jekundu, kwa sababu kisichokuwepo hakikuzwi.

Televisheni ya zamani ilikuwa na bajeti ndogo na muda mrefu, na hali hiyo ilizaa makosa ya aina yake. M*A*S*H ilirushwa Marekani kuanzia mwaka 1972 hadi 1983, ikisimulia vita vya Korea vilivyodumu miaka mitatu tu, kuanzia Juni 1950 hadi Julai 1953. Madaktari wanazeeka mbele ya macho yetu katika vita visivyokwisha, na nywele zao ni za miaka ya 1970. Kila mtu alielewa kwamba kwa miaka ya mwanzo mazungumzo yalikuwa yanahusu Vietnam. Nami sijawahi kuona kosa hilo kama udanganyifu, maana lilikuwa wazi kwa mtoto na mkubwa, ingawa Wakorea wangekuwa na haki ya kuuliza kwa nini nchi yao iwe pazia la nyuma la ugomvi wa wengine.

I, Claudius ya BBC ya mwaka 1976 ilirekodiwa studio tupu. Hakuna majeshi, hakuna umati, na ukuta ukiguswa unaweza kutikisika. Hata hivyo naiona Roma vizuri zaidi humo kuliko katika filamu zilizojenga majukwaa makubwa ya mbao na plasta, kwa kuwa inaelewa kwamba utawala ule ulikuwa pia ugomvi wa familia moja, uliokuwa ukiamuliwa vyumbani, kwenye meza ya chakula na kitandani. Siân Phillips anamwigiza Livia, mke wa Augustus, kama mwuaji wa sumu mwenye subira isiyo na kikomo, na anaigiza vizuri kiasi kwamba ni vigumu kumwonea huruma Livia wa kweli. Wanahistoria wengi hawaamini mauaji hayo. Tuhuma zilitoka kwa waandishi kama Tacitus, aliyeandika karibu karne moja baada ya kifo cha Augustus na ambaye hakuwapenda wanawake wenye madaraka, zikapitia riwaya za mwandishi wa Kiingereza Robert Graves za mwaka 1934, ndipo zikafika studio. Livia na Shaka wamefanyiwa jambo linalofanana: aliyeandika kwanza alikuwa na nia yake.

Kuna anayeweza kunibana kwa Amadeus ya mwaka 1984, maana nimemtetea Hook na Livia, na humo mtunzi wa muziki Antonio Salieri anabebeshwa mzigo wa kifo cha mtunzi mwenzake Mozart bila ushahidi wowote. Salieri wa kweli alikuwa mtu mwenye mke na watoto wengi, mwalimu aliyeheshimika, na mmoja wa wanafunzi wake alikuwa Franz Xaver, mtoto wa Mozart mwenyewe. Naikubali hoja hiyo kwa sehemu. Lakini hadithi yote ya filamu inatoka kinywani mwa mzee aliye katika nyumba ya vichaa, anayetamani mno kuwa na hatia kubwa, kwa sababu hatia ingembakisha karibu na jina la Mozart. Filamu inamwonyesha msimulizi wake na kumwachia mtazamaji apime. Pia imemlipa Salieri fidia ya ajabu, kwa kuwa muziki wake, uliokuwa umesahaulika karibu kabisa, umerudi kupigwa na kurekodiwa tangu wakati huo.

Nikitakiwa kutaja filamu moja ya zamani iliyoegemea upande bila kuficha na bado ikastahili kuaminiwa kwa mengi, nitaitaja The Battle of Algiers ya Gillo Pontecorvo, ya mwaka 1966. Ilipigwa katika mitaa ileile ya Casbah, mji mkongwe wa Algiers, miaka michache tu baada ya uhuru wa Algeria wa mwaka 1962. Saadi Yacef, aliyekuwa kiongozi wa wapiganaji wa FLN, chama kilichopigania uhuru wa Algeria dhidi ya Ufaransa, mjini humo, alikuwa mmoja wa watayarishaji na aliigiza mhusika aliyetokana na maisha yake mwenyewe. Picha zake zinafanana na za habari kiasi kwamba ilibidi watangaze kuwa hakuna hata kipande kimoja cha filamu ya habari kilichotumika. Ina mapungufu: Kanali Mathieu ni mchanganyiko wa maofisa kadhaa wa Kifaransa, na uhasama wa umwagaji damu kati ya FLN na wapinzani wake wa Kialgeria karibu haumo. Lakini huyo Mathieu, ambaye ndiye adui, amepewa hoja nzito kuliko za mtu mwingine yeyote katika filamu, na kabla ya mabomu ya FLN kulipuka kamera inapita polepole kwenye nyuso za Wafaransa walioketi mkahawani, akiwemo mtoto mdogo anayelamba aiskrimu. Wanamapinduzi weusi wa Black Panther wa Marekani waliitazama kama somo, na mwaka 2003 Pentagon, wizara ya ulinzi ya Marekani, nayo iliwaonyesha maofisa wake ili wajifunze kitu kuhusu Iraki. Watu wa pande mbili zinazopingana walikuta humo habari za adui wanazoweza kuzitumia, na sidhani kama askari yeyote wa Cetshwayo au kibarua yeyote wa Java angeweza kupata faida kama hiyo katika filamu ya Endfield au ya Lean.